Kabla Uombe Ganji, Hesabu Gunia

Mbogi za Kasikeu ziko na aidia noma. Kaa stage ya nduthi, ingia kinyozi, simama kando ya meza ya pool jioni, utaskia vitu zinaweza kujaza ukumbi mzima wa wawekezaji. Kuna chali anataka kukausha maembe kwa jua ndio zisiozee shambani mwezi wa pili. Kuna manzi anataka kununua ndengu kwa mashosho akitumia mizani, si ile debe ya broka. Kuna mwingine amechora venye nduthi moja inaweza kupeleka maji asubuhi na kurudi na mbolea. Akili iko. Kenye inatuangusha ni ile siku msee anaitwa mbele ya majaji, anapewa dakika tano, anafungua na "Afrika iko na watu zaidi ya bilioni moja," alafu akiulizwa ndengu ilikuwa ngapi Sultan Hamud wiki jana, anameza mate.

Pichi ya msee wa Kasikeu inafaa ianzie Kasikeu. Hiyo ndio story yangu leo na naiamini kabisa. Ganji ya kuanzia, ile inapewa startapu changa kabla ianze kuingiza faida, inafuatanga mtu mwenye anaijua shida moja kuliko kila mtu kwa hiyo chumba. Na shida utaijua vizuri wapi kama si penye umezaliwa, penye umebeba jerikeni, penye susu yako anauza ndengu kila Februari kwa bei yenye hakuamua yeye?

Cheki ramani kwanza. Kasikeu ni wodi moja kati ya tatu za eneo bunge la Kilome, hizo zingine ni Mukaa na Kiima Kiu/Kalanzoni. Hiyo ya mwisho ndio iko na Malili, penye serikali ilibuy ekari 5,000 za ranchi ndio ijenge Konza Technopolis. Januari 2013 Rais Mwai Kibaki alikam akaweka jiwe la msingi, na hii pande yetu ikaanza kutajwa kila mahali watu wanabonga kuhusu Silicon Savannah. Leo Konza iko na kituo cha kitaifa cha data, na Chuo Kikuu Huria cha Kenya, chenye kilipata hati yake 2023, kiko hapo. Lakini kwa mbogi nyingi za Kasikeu, Konza ni kitu ya kuona kwa dirisha ya mathree ukienda Nai. Hiyo inaniuma. Uko na jirani mwenye kazi yake ni teknolojia na startapu, na hujawahi mgongea mlango. Uliza mafunzo yao yanafunguliwa lini, jiandikishe, ingia. Malili si mbali.

Sasa, kabla uandike slaidi ata moja, jua unaomba ganji ya aina gani. Hapa ndio wasee wengi huchoma.

Kuna ruzuku. Hii hurudishi, lakini lazima ufuate masharti. Mradi wa NYOTA wa serikali, wenye unasaidiwa na Benki ya Dunia, unapea vijana wa miaka 18 hadi 29 shilingi 50,000 ya kuanzisha biz, na wenye ulemavu wanaruhusiwa hadi 35. Kabla yake kulikuwa na mashindano ya MbeleNaBiz, chini ya mradi wa KYEOP, na washindi walitoka na 900,000 au milioni 3.6. Alafu kuna Tony Elumelu Foundation ya Nigeria, yenye imekuwa ikifanya hii kazi kwa Afrika nzima tangu 2015: ukichaguliwa unapata mafunzo na dola 5,000, hiyo ni zaidi ya laki sita za Kenya, na hakuna mtu anakuja kuidai.

Kuna mkopo. Youth Fund imekuwa tangu 2006, Hustler Fund tangu Novemba 2022, na kaunti yetu ya Makueni iko na Tetheka kwa vikundi. Hii unarudisha, mvua inyeshe isinyeshe.

Alafu kuna hisa. Mwekezaji anakupa doo, anakuwa mwenye biz na wewe. Hataki riba. Anataka hiyo kampuni ikue mara kumi ndio kipande yake ikuwe na maana.

Wenye hizi ganji tatu hawaskizi pichi moja. Jaji wa ruzuku atauliza ni vijana wangapi wanapata wera, na kama biz itasimama pesa ikiisha. Wa mkopo atauliza utalipa nini kila mwezi, na huku kwetu hiyo swali ni nzito, ju ganji ya shamba haikam kila mwezi. Mvua yenye tunategemea ni ile ya Oktoba hadi Disemba, ndengu inavunwa Januari na Februari, maembe inaisha karibu Machi, alafu kunakuwa kimya. Wa hisa atauliza ukubwa: hii kitu ikitoka Kasikeu inaweza fika Kitui, Machakos, Tharaka, Dodoma? Msee akienda kwa mtu wa hisa na biz ya kibanda kimoja, ataambiwa hapana ata kama kibanda ni kizuri. Kwa maoni yangu, biz nyingi za hapa zinafaa zianzie ruzuku. Hisa ingoje mpaka uwe na kitu ya kuonyesha, ju mapema ndio watu huuza kipande kubwa kwa bei ya kutupa.

Wacha tushike mfano mmoja tuende nao hadi mwisho. Tuseme ni mbogi ya watu wanne, biz yao ni ndengu. Bei zenye nitaweka hapa ni za mfano, wewe utaweka za soko lako.

Shida yao ni hii. Februari kila mtu amevuna, kila mtu anataka karo, bei iko chini. Shosho anajua akingoja miezi minne itapanda, lakini hawezi ngoja, ju fukusi wataingia kwa gunia na zitabaki mashimo na unga. Broka pia anajua hiyo. So anakam na lori, anapima na debe iliyojazwa hadi inamwagika, analipa kidogo, anaishia.

Mbogi inataka kununua kwa kilo, kwa mizani ya dijitali yenye shosho anaisoma mwenyewe, na kulipa M-Pesa hapo hapo. Alafu wanapepeta, wanaweka kwa zile gunia hazipitishi hewa. Hizo gunia si uchawi. Zile za PICS zilitoka kwa utafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, uliofanywa kwa ajili ya kunde za Afrika Magharibi: plastiki mbili nzito ndani, gunia ya kawaida nje, ukifunga kila moja vizuri wadudu wanakosa oksijeni, wanakufa bila dawa. Hapo jaji ameelewa shida na solusheni kwa dakika moja na nusu, na hujataja apu.

Sasa hesabu. Kilo 90 kwa bob 80 ni 7,200. Gunia ya kuzuia hewa 250. Kupepeta na kuchagua 200. Nduthi na lori 200. Stoo 100. Jumla 7,950. Ukichagua mbaya unabaki na kilo 88. Ukiuza kwa 120 unapata 10,560, faida ni 2,610 kwa gunia. Gunia 50 zinataka 397,500, na faida ni 130,500 kwa msimu.

Wasee wengi huishia hapo, na wanafurahi. Jaji mwenye akili ndio kwanza anaanza. Atauliza: bei isipopanda? Na wewe uko na jibu, ju ulifanya hesabu usiku: ikifika 95 tu, faida inabaki 410 kwa gunia. Ikikwama kwa 90, mnapoteza 30 kila gunia. So mpaka wenu ni shilingi 91. Alafu unamwambia mtafanya nini ikikaribia hapo: mtauza nusu mapema, au mtakuwa tayari mmeongea na vibanda vya chapo ndengu pale Sultan Hamud, penye madereva wa malori ya Mombasa Road wanadishi mchana na usiku, wachukue kiasi fulani kila wiki kwa bei mmekubaliana. Msee akijua mpaka wake wa kuumia, mtu wa ganji anatulia. Anaona huyu hatashtuka kitu ikiharibika.

Hizo hesabu za kila kitu kimoja, kila gunia, kila sahani, ndio zimeua startapu zenye zilikuwa na doo mob kuliko sisi wote. Kune Foods ya Nairobi ilipata dola milioni moja mwaka wa 2021 ya kupikia watu chakula na kuwapelekea. Juni 2022 ikafunga. Bei ya karibu dola tatu kwa sahani haikuwa inatosha gharama. Copia, yenye ilikuwa inafikia wateja wa mashinani kupitia maduka ndogo za mitaa, iliokota zaidi ya dola milioni 100 kwa miaka, na Mei 2024 ikawekwa chini ya wasimamizi. Mimi siwachekelei. Copia iliamini mtu wa mashambani ni mteja wa maana, na hiyo ni kweli mpaka leo. Lakini ukienda kuomba ganji, jua wenye wanakuskiza wamesoma hizo story, na watakuuliza kwa nini wewe ni tofauti.

So test kabla uombe. Hii naweza irudia mpaka sauti iishe.

Cheki M-Pesa. Ata hiyo ilianza na ganji ya kuombwa: Vodafone iliingia kwa mfuko wa ushindani wa serikali ya Uingereza, ikapewa karibu pauni milioni moja, na yenyewe ikaweka zake. Aidia yenye iliandikwa ilikuwa watu walipe mikopo midogo kwa simu, wakishirikiana na Faulu, taasisi ya mikopo midogo. Oktoba 2005 wakaanza majaribio na wateja karibu 500 tu, Thika ikiwa ndani. Alafu wakaona watu wanafanya mambo yao: wanatumiana, wanaweka pesa kwa simu kabla ya safari, wanaitoa wakifika. Machi 2007 Safaricom ilipozindua, ujumbe ulikuwa ni kutuma pesa nyumbani. Wateja hao wachache ndio waliwaonyesha biz yenyewe ni gani. Wewe hauna pauni milioni, lakini wateja wa kwanza mia si lazima. Kumi wanatosha. Nunua gunia mbili na doo zenu wenyewe, zifunge, ngojeni, uzeni. Sasa kwa slaidi huandiki "tunatarajia". Unaandika "tuliuza".

Na weka ushahidi. Msee anauza kwa miezi sita, pesa yote inaingia kwa laini yake ya kawaida ikichanganyika na ya Fuliza, ya beti, na ya beshte alirudisha deni. Hiyo haisaidii mtu. Chukua till au Pochi la Biashara, ganji ya biz ipite hapo peke yake. Ukiitishwa rekodi, unatoa stetimenti, na kila shilingi iko na tarehe. Daftari ya chama pia ni ushahidi. Sisi Wakamba tuko na mwethya tangu zamani, watu wanachimbiana mitaro na kujengeana mabwawa ya mchanga, na mwenye amekosa anajulikana. Kama mbogi yenu imewahi fanya kazi pamoja hivyo, na kuna mtu aliandika nani alikam na nani alitoa nini, beba hiyo daftari. Mwekezaji anaogopanga sana waanzilishi wenye watagombana. Mkimwonyesha mmekaa pamoja miaka miwili mkigawa pesa bila vita, mmemjibu swali yenye slaidi haiwezi jibu.

Kuhusu slaidi zenyewe sitakaa sana. Guy Kawasaki wa Marekani alisema slaidi kumi, dakika ishirini, herufi zisiwe ndogo kuliko saizi 30. Mashindano ya huku yatakupa dakika tatu au tano, so punguza zaidi. Kampuni ya DocSend ilipima mwaka wa 2015 ikapata mwekezaji anatumia wastani wa dakika tatu na sekunde 44 kusoma pichi ya startapu. Kila slaidi ikuwe na kitu moja. Picha ya shosho akishika mizani inasema mob kuliko aya mbili. Omba ruhusa yake kwanza, mwambie ni ya nini, na mheshimu: usimpige picha kama mtu wa kuhurumiwa, mpige kama muuzaji, ju ndio kazi yake.

Penye nataka tukae ni kwa ombi. Msee anapiga pichi poa dakika nne, alafu anamaliza na "tutashukuru kwa usaidizi wowote." Hapana. Sema kiasi, sema ya nini, sema itakufikisha wapi. Kwa ule mfano wetu: "Tunaomba 450,000. 397,500 ni ya gunia 50 hadi kuuza, 30,000 ni mizani mbili, zinabaki 22,500 za dharura. Agosti tutakuwa tumeuza zote, na tutajua kama tunaweza kuenda gunia 200." Hiyo ni sentensi tatu. Mtu anaweza kuandika cheki ama akatae, lakini hawezi sema hajaelewa.

Na kama ni hisa, jua hesabu ya kipande. Wenye mlikuwa mnawatch KCB Lions' Den tangu 2016 mnaijua hiyo kitu: msee anaomba milioni moja kwa asilimia kumi, so amesema kampuni yake ni milioni kumi, na simba, wale wawekezaji wa hiyo kipindi, wanamgeukia, "Hiyo milioni kumi iko wapi?" Kama mwaka mzima uliuza ya laki mbili, hiyo swali itakumaliza. Alafu kuna karatasi inaitwa SAFE, ilianzishwa na Y Combinator ya Marekani mwaka wa 2013: mwekezaji anakupa doo leo, hisa zake zinahesabiwa ukipata mwekezaji mkubwa baadaye. Inaonekana rahisi. Usiisaini kabla mwanasheria aisome, na ukisaini mbili tatu, kaa chini uhesabu zote zikigeuka hisa wewe utabaki na ngapi. Kuna wasee walibaki vibarua kwa kampuni yenye walianzisha wao.

Pia jua jina la biashara lenye ulisajili eCitizen haliwezi uza hisa. Hisa zinataka kampuni. Kwa ruzuku nyingi jina na PIN ya KRA zinaweza tosha, so usikimbie kutumia doo kusajili kampuni kabla ujue unaenda wapi. Ukipaki chakula kwa paketi za kuuza dukani, alama ya KEBS itaulizwa. Weka gharama yake kwa bajeti, usiifiche.

Mazoezi nayo, usiyafanyie mbele ya mabeshte peke yake. Watakupigia makofi. Mtafute broka. Ndio, yule yule. Mnunulie chai, mwambie aidia yako yote. Yeye anajua bei ya kila soko kutoka Emali hadi Wakulima ya Nai, anajua barabara gani inakatika mvua ikinyesha, anajua shosho gani ataahidi gunia tano alete mbili. Atakupiga maswali za uchungu kuliko jaji yeyote. Ukiona ameanza kukasirika, umegusa kitu ya ukweli. Na kama atakuambia "hiyo nilijaribu ikafeli", usibishane, uliza ilifeli wapi, andika.

Hizo aidia za bei na mabroka ziko na historia pia, na jaji anaijua. Novemba 2010 Nairobi kulikuwa na shindano la masaa 48, IPO48, na lilichukuliwa na madem watatu, Jamila Abass, Susan Oguya na Linda Kwamboka. M-Farm yao ilikuwa inawezesha mkulima kutuma SMS ajue bei ya mjini, ndio broka asimdanganye. Walitoka na euro 10,000, karibu milioni moja ya Kenya wakati huo. Baadaye waliongeza kuuza kwa pamoja, ju kujua bei peke yake hakupeleki gunia sokoni. Ukienda na kitu ya kufanana, taja M-Farm kabla utajiwe, useme umejifunza nini kwao. Na madada wa Kasikeu wenye mnasoma hii: hao walikuwa watatu tu, hawakungoja mtu awaitie mkutano. Nyinyi ndio mnajua soko kuliko sisi wanaume. Mwenye anasimama mbele kubonga akuwe mmoja wenu mara nyingi zaidi.

Luku sasa. Vaa safi, si ghali. Kama safari ni Nai, panda mat mapema ndio ufike bila jasho na uwe na saa moja ya kutulia. Beba kitambaa upanguze viatu, hiyo vumbi yetu tunaijua. Weka slaidi kwa simu, kwa flash, na kwa barua pepe yako, ju intaneti ya ukumbi huwa haina adabu. Lala. Msee mwenye amekesha akibadilisha rangi za slaidi anajibu maswali kama mgonjwa.

Alafu lafudhi. Hii naisema na roho yote. Tumekua tukichekwa venye Wakamba tunabonga, kwa redio, kwa vichekesho vya TV, hadi msee akiingia ukumbi anaanza kubana sauti, anatafuta Kizungu cha mababi, na ile story yake nzuri inapotea njiani. Wacha. Ripoti ya Village Capital ya 2017 iliangalia startapu za fedha za kidijitali Afrika Mashariki, ikapata asilimia 90 ya ganji iliyotangazwa 2015 na 2016 ilienda kwa zile ziko na angalau mwanzilishi mmoja kutoka Ulaya au Amerika Kaskazini. So uwanja si sawa, na kubana sauti hakutausawazisha. Uliza waandaaji kama unaweza pichi kwa Kiswahili, wengi watakubali. Kama ni lazima Kizungu, tumia kile chako, sentensi fupi, namba wazi.

Na sisi si wageni wa kusimama mbele ya wakubwa. Mwaka wa 1938 serikali ya kikoloni ilichukua ng'ombe za Wakamba kwa nguvu ikisema ziko mingi. Muindi Mbingu akaongoza mamia kwa mamia, wanaume, akina mama na watoto, hadi Nairobi, wakapiga kambi Kariokor kwa wiki kadhaa. Ombi lilikuwa moja na kila mtu alilijua: ng'ombe zetu zirudi. Yeye alishikwa akapelekwa Lamu, lakini serikali ikaacha kuuza mifugo kwa lazima. Ile barabara ya tao yenye iko City Market imepewa jina lake. Ukipita hapo ukienda kupiga pichi, jua ni mtu wa kwenu.

Chunga pia fisi. Ganji ya ukweli haina fomu ya kununua. Maombi ya NYOTA yalipitia *254# na yalikuwa bure, na kuna wasee bado waliuziwa "nafasi". Mtu akikuitisha ngiri mbili ya kuharakisha jina, akikuambia anajua mtu ndani, akitaka PIN yako ya M-Pesa, mblock na uambie wengine wa mtaa. Ukikataliwa kwa shindano la ukweli, andika barua pepe uulize ulikosa nini. Wengi hawaulizi. Wenye huuliza hurudi mwaka unaofuata wakiwa na jibu.

Fomu za Tony Elumelu hufunguliwa Januari, wakati ndengu zinaanza kuvunwa. So siku ya soko inayokuja, shika daftari, andika bei ya kilo ya ndengu Kasikeu, ya Sultan Hamud na ya Emali, na tarehe. Wiki ijayo andika tena. Ukifika Januari na hizo kurasa, njoo tuandike pichi.